Stefano wa Kwenye Sinema

Siku ya mnada wa Shelui, gari la sinema la serikali lilipotundika shuka lake jeupe kwenye ukuta wa ghala la pamba, Klara alikwenda kuangalia kwa sababu moja tu: alikuwa amechoka kukaa nyumbani akisikiliza watu wakipanga matanga ya mumewe. Walipanga mbele yake, bila haya, nani alete mtama wa pombe na nani achimbe kaburi. Kaburi lenyewe lilikuwa la nguo. Ndivyo ukoo ule ulivyofanya kwa mtu aliyepotea miaka saba. Wanazika shati lake na suruali yake, wanakaa matanga siku tatu, halafu mjane anaingia nyumba ya mdogo wa marehemu. Siku ilikwisha kupangwa, Jumamosi ya wiki ile ile. Mdogo wa marehemu aliitwa Manase, na tayari alikuwa anamwangalia Klara kama mtu anavyoangalia jembe aliloachiwa na kaka yake.

Si kwamba Manase alikuwa mtu mbaya. Alikuwa na wake wawili, ng'ombe wa kutosha, na ugoro wa kumpigisha chafya toka asubuhi hadi jioni. Lakini Klara hakumtaka, basi, na tena hakutaka kuitwa mjane na watu ambao hawakuona maiti. Stefano aliondoka mwaka wa arobaini na saba. Alifanya kazi kidogo kwenye machimbo ya Sekenke, akashuka Mombasa, akaandikwa kazi kwenye meli ya mizigo, kazi ya kufuta mashine na kutia mafuta. Akaandika barua mbili, halafu kimya. Mwaka wa hamsini na moja dereva mmoja wa lori akaleta habari kwamba kuna meli imezama na watu wake. Meli gani? Hakujua. Bahari gani? Hakujua vilevile. Na habari ya namna hiyo, isiyo na kichwa wala miguu, ndiyo ukoo mzima ulioishika kwa mikono miwili.

Kwanza ilionyeshwa sinema ya kuchimba vyoo, watu wakaguna. Ya pili ilikuwa ya pamba, nao pamba walikuwa nayo shambani, hawakuhitaji kuonyeshwa. Ya tatu ilikuwa ya meli. Hapo hata wanywaji walitoka kilabuni wakaja kusimama nyuma.

Meli ilikuwa kubwa kuliko soko. Wanaume waliosha sakafu ya chuma kwa mabomba, mpishi akamenya viazi karai zima, halafu kazi ikaisha na jioni ikaingia melini. Wale mabaharia nao wakatundika shuka lao kati ya nguzo mbili, wakakaa juu ya mifuniko ya shehena, wengine vifua wazi, wakaangalia sinema yao. Watu wa Shelui wakawa wanaangalia watu wanaoangalia. Kwenye shuka la melini kulikuwa na Mzungu mnene anakimbizwa na mbuzi. Mabaharia wakacheka, Shelui nayo ikacheka, mbuzi ni mbuzi popote.

Ndipo mtu mmoja upande wa kushoto akageuza kichwa, akiwa anacheka.

Muda wa kupepesa macho mara tatu, hauzidi. Lakini Klara aliiona kofia kabla ya uso. Ilikuwa kofia ya sufu yenye mistari mitatu, miwili myembamba na mmoja mpana uliopanda juu upande wa sikio, kwa sababu aliyeifuma alikosea kuhesabu vitundu. Aliyeifuma ni yeye. Aliifuma misheni mwaka wa hamsini na mbili, mwaka mzima baada ya habari ya yule dereva. Sista alimwambia afumue aanze upya, naye akakataa, akaifunga pamoja na barua akaituma Mombasa kwa anwani ile ya zamani. Jibu halikuja. Kumbe kofia ilifika, na kichwa kilikuwa ndani yake.

Klara akasimama. Hakujua kwamba amesimama. Alikanyaga vidole vya watu, akapita katikati ya watoto, akawa anakwenda moja kwa moja kwenye shuka, mpaka kivuli cha kichwa chake kikaziba nusu ya meli.

"Mama, kaa chini, hatuoni," watu walimwambia.

Akageuka kuwatazama, mwanga ukamchoma macho, na alipoangalia tena shuka, meli ilikuwa inapakuliwa magunia. Sinema ikaisha. Watu wakamcheka sana yule mwanamke aliyetaka kupanda meli Shelui. Akawaambia, "Yule ni Stefano," na waliokuwa karibu wakaacha kucheka.

Asubuhi yake alikwenda kwa Mzee Antipasi, kaka mkubwa wa marehemu baba mkwe wake, ambaye ndiye aliyekuwa na kauli katika ukoo. Alipiga goti, akaamkia shikamoo, na kabla hata marahaba haijaisha alikuwa ameshaanza kueleza. Manase alikuwepo, ameshika ugoro wake. Mama mkwe, Luciana, alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, amegeuzia sikio upande wa maneno.

"Mama," alisema Antipasi, maana mzee humwita mke wa mtoto wake mama anapotaka kumkatalia kwa adabu, "sinema haina ushahidi. Juzi juzi mfalme wa Waingereza alikuwa amekwisha kufa, amekwisha kuzikwa, gari hili hili likamleta hapa anapunga mkono. Wewe hukumwona?"

Alimwona. Wote walimwona, na wapo waliompungia.

"Lakini kofia, baba. Habari ya meli kuzama ilikuja kabla sijafuma kofia. Maiti angevaaje kofia ambayo haijafumwa?"

Antipasi aliielewa hoja hiyo. Hakuwa mjinga mzee yule, alikuwa tu hapendi kupangua jambo lililokwisha kupangwa. "Kofia umeiona wewe peke yako," alisema, "na kila mtu hapa anajua hutaki kwenda kwa Manase."

"Sijalazimisha mtu," alisema Manase.

"Hujalazimisha, lakini pombe umeshaivundika," Klara akamjibu, na Manase akapiga chafya.

Antipasi akakata shauri. Gari la sinema lilikuwa limepanda Sekenke, na litaonyesha huko Alhamisi jioni kabla ya kuelekea Singida. Aende Luciana. Aliyemzaa akimwona na kusema ndiye, hakuna matanga wala hakuna kurithi mtu. Asipomwona, Jumamosi wanazika nguo na maneno yaishe. Kauli ya mama mzazi haina wa kuibishia.

"Nitakwenda," alisema Luciana.

Sasa hapo ndipo palipokuwa na kazi. Luciana alikuwa haoni. Wanawe hawakujua, au hawakutaka kujua. Mtoto wa jicho alianza zamani, na sasa aliona mwanga na giza na vivuli vinavyopita, basi. Aliyejua ni Klara, kwa sababu Klara ndiye aliyemwekea kijiko mkononi, aliyemwambia kwa sauti ya chini nani anayeingia uani, aliyechambua mchele badala yake na kuacha asifiwe yeye. Siri ile walikuwa nayo miaka mitatu. Kwa hiyo waliposema macho ya Luciana ndiyo yatakayoamua, aliyekuwa anapewa uamuzi ni Klara, na katika nyumba ile nzima waliojua hilo ni wanawake wawili.

Waliondoka Alhamisi kabla ya jua. Klara alikuwa hajalala siku mbili. Usingizi ukimjia, kile kichwa kiligeuka tena na yeye akaamka. Aliona mengi katika kugeuka kule. Labda Stefano ameshikiliwa, mkataba wa meli haumruhusu kushuka. Labda barua ilianguka, kofia ikafika peke yake, naye akawa anajiuliza kila siku ni nani aliyemtumia. Labda anaandika na kuandika, na barua zinakaa posta ya Singida kwa sababu ya karani mzembe. Alijipa sababu kumi, na kila moja ilimtia haraka miguuni.

"Klara," alisema Luciana nyuma yake, ameshika ncha ya fimbo ambayo Klara alishika ncha nyingine. "Hii miguu ni yangu, siyo ya lori."

"Samahani, mama."

Wakaenda polepole mita mia, kisha fimbo ikaanza kuvuta tena. Mlima wa Sekenke si wa mchezo. Njia inapinda na kupinda, na kila lori lililopanda liliwafunika vumbi. Mara mbili Klara alimkalisha mama mkwe chini ya mti apumzike, na mara zote mbili yeye mwenyewe hakukaa. Alizunguka mti. Alikwenda mbele kuangalia njia, akarudi, akaenda tena, kana kwamba gari la sinema lingeondoka na kumkimbia.

"Ukimwona," alisema Luciana, "mimi utaniambia ukweli?"

"Nitakwambia, mama."

"Hata kama si yeye?"

"Hata kama si yeye."

Walifika saa tisa. Gari lilikuwa limesimama kwenye uwanja wa machimbo ya zamani, na kijana mmoja wa kaptula ya kaki alikuwa anapanga makopo ya filamu kivulini. Huyo ndiye Mselemu, mtoto wa wafanyabiashara wa Singida mjini, ambaye kazi yake ilikuwa kushika kipaza sauti na kuwaeleza watu kwa Kiswahili wanachokiona. Alikuwa na Kiswahili cha bibi yake wa Pangani, naye alijivunia.

"Shikamoo, bibi," alimwamkia Luciana.

"Marahaba, mjukuu wangu. Tumekuja kuangalia meli."

"Meli leo haipo. Leo ni vyoo, pamba na kifua kikuu. Orodha nimeandikiwa na Bwana Shauri, yule Mzungu wa bomani, meli itaonyeshwa Singida."

Klara akaanza kumweleza, maneno yakamtoka yote kwa pamoja, kofia na matanga na Manase na mfalme aliyepunga mkono, hata Mselemu akamwomba aanze tena. Alianza tena. Mselemu akasikitika kweli, lakini orodha ni orodha, na kazi yenyewe aliipata kwa taabu. Wakati anaeleza hayo, Luciana alipapasa kwa fimbo, akapata kitu cha bati, akakikalia.

"Bibi, umekalia sinema," alisema Mselemu.

"Ipi?"

Mselemu akaangalia. "Ya kifua kikuu."

"Basi ya kifua kikuu leo haitoki," alisema Luciana. "Weka meli."

Mselemu alimwangalia yule bibi, akaangalia vumbi kwenye miguu yake hadi magotini, akacheka mwenyewe. Akasema Bwana Shauri yuko Kiomboi, na kama kopo lina bibi juu yake yeye afanyeje.

Giza lilipoingia watu walijaa uwanjani. Klara alimweka mama mkwe mbele kabisa, akakaa naye, mkono wake ameushika. Vyoo vikapita. Pamba ikapita. Klara alikuwa anahema mdomo wazi. Kisha meli ikaja, sakafu ikaoshwa, viazi vikamenywa, shuka likatundikwa kati ya nguzo mbili, Mzungu akakimbizwa na mbuzi.

"Sasa, mama. Sasa hivi."

Kichwa kikageuka. Kofia, mistari, meno yake ya mbele yenye mwanya. Safari hii Klara alikuwa anasubiri, kwa hiyo alimwona sawasawa. Alikuwa amenenepa. Shingo ilikuwa imejaa, shavu linang'aa, na alicheka kicheko cha mtu aliyekula akashiba.

"Ni yeye?" aliuliza Luciana. Sauti ilikuwa ndogo mno.

"Ni yeye, mama. Mzima. Amenenepa."

Luciana hakupiga kigelegele. Alivuta mkono wa Klara akaubana kifuani, na Klara akausikia moyo wa yule mama unavyokwenda. Yeye mwenyewe machozi yalimtoka bila kizuizi. Alikuwa na raha ambayo hajapata kuwa nayo toka mwaka wa arobaini na saba. Toka habari ya yule dereva ameitwa mwehu, na Stefano yu hai.

Kama sinema ingeishia hapo ingekuwa vizuri. Lakini kule Shelui Klara alikuwa amesimama na kuziba watu, akakosa kilichofuata, na kilichofuata kilikuwepo.

Ilionekana meza ndefu ndani ya meli. Kipaza sauti cha Mselemu kikasema, "Hapa wamepumzika. Baharia akimaliza zamu, saa zilizobaki ni zake mwenyewe. Huyu anafua, yule kalala, hawa wanawaandikia barua mama zao na wake zao. Karatasi na bahasha na stempu wanapewa bure. Kila baada ya miezi mitatu meli inafunga gati Mombasa, barua zinashuka, na anayetaka likizo anashuka pia."

Wanaume watano walikuwa wameinama wanaandika. Mmoja alilamba bahasha. Mwishoni mwa meza wawili walikuwa wanacheza drafti ya vifuniko vya chupa, na mmoja wao alikuwa Stefano, kofia ameisukuma nyuma. Ubao wa drafti ulikuwa unayumba. Stefano akanyoosha mkono kwenye lile fungu la karatasi za barua, akachukua moja nyeupe, akaikunja mara mbili, mara nne, akaisukuma chini ya ubao. Akautikisa kuujaribu. Haukuyumba tena. Akala vifuniko vitatu kwa mkupuo, akacheka.

"Anaandika?" aliuliza Luciana, maana kipaza sauti alikisikia vizuri. "Klara. Stefano anaandika?"

Klara alitaka kujibu. Alikuwa anahesabu, bila kutaka, mara ngapi miezi mitatu inaingia katika miaka saba.

"Ameshika karatasi, mama," alisema.

"Nilijua," alisema Luciana. "Mimi nilijua. Zinapotelea njiani."

Magunia yakapakuliwa, sinema ikaisha. Walilala Sekenke kwa mke wa mchimbaji mmoja, na njia nzima ya kurudi, Ijumaa, aliyekuwa na haraka ni Luciana. Yule mama aliteremka mlima anazungumza peke yake, anamsifu mwanawe, anapanga atakapolala akija. Klara alishika ncha ya fimbo na hakuivuta. Wala hakupunguza mwendo. Alikuwa na kitu kinamtembea mwilini kama siafu, lakini sasa hakikumwambia aende mbele wala arudi, kilimwambia tu asikae.

Luciana alitoa ushahidi wake uani kwa Antipasi, mbele ya ukoo wote. Alieleza kofia, mwanya, unene, kila alichoambiwa, na alipomaliza hakuna aliyemhoji. Antipasi alisema, basi, mtoto yupo, matanga hakuna. Vigelegele vikapigwa mpaka majirani wakaja. Pombe ya matanga ikawa pombe ya furaha, na mbuzi aliyekusudiwa kwa msiba akachinjwa vilevile, maana alikwisha kufungwa. Manase mwenyewe alicheza. Huenda alikuwa na nafuu moyoni, wake wawili si kidogo.

"Shemeji," alimwambia Klara, "ulituzidi wote. Sasa tulia, umsubiri mtu wako."

Klara alimshukuru, akaingia ndani. Hakukaa. Alitandika kanga chini, akaweka nguo zake, sufuria moja, jembe lake alilokuja nalo toka kwao Mkalama, na Biblia. Akazifunga. Akafungua, akatoa sufuria, akalirudisha mekoni. Akafunga tena. Huko nje walikuwa wanaimba, na jina katika wimbo lilikuwa Stefano.

Luciana aliingia anapapasa ukuta. Macho yalikuwa hayaoni lakini masikio yalikuwa ya kutosha. "Unafunga nini?"

"Vitu vyangu, mama. Naenda kwetu."

"Kwenu? Leo?" Luciana alishangaa kweli, sura ikamkunjamana. "Jana Manase alikuwa anakungoja hukuondoka. Leo mumeo yu hai ndiyo unaondoka?"

"Ndiyo maana naondoka, mama. Angekuwa amekufa ningekaa nimlilie hapa hapa, kwako. Angekuwa amepotea ningemsubiri mpaka nizeeke. Huyu hajapotea. Njia anaijua."

"Lakini anaandika. Uliniambia ameshika karatasi. Klara, uliniahidi ukweli."

Nje wimbo ulikuwa umepamba moto na miguu inatikisa ardhi. Klara alikuwa amekusudia kuondoka na neno lile la karatasi, aende nalo Mkalama, yule mama abaki na mwanawe mwema anayeandika. Lakini aliulizwa, na aliahidi.

"Aliishika, mama. Akaikunja mara nne, akaiweka chini ya ubao wa drafti usiyumbe."

Luciana alisimama pale pale. Midomo ilimcheza kidogo kama anayetafuna. Akauliza swali moja tu, iwapo Stefano alikuwa anacheka, na Klara akasema ndiyo, alikuwa anacheka. Yule mama akavuta pumzi, akaishusha.

"Mzigo uko wapi?" alisema.

"Huu hapa, nitaubeba mwenyewe."

"Utajitwikaje peke yako?" Luciana akainama, akapapasa sakafuni mpaka akaupata, akaunyanyua kwa mikono miwili akatafuta kichwa cha Klara, akamtwika.